Mbao ya Zamani Ina Mwenyewe?



Siku moja ya Mungu, kiisha ibada, tulibaki nyuma ya kanisa pamoja na papa na mama wachache wa parokia yetu hapa Lubumbashi, tukingoja mvua ipite. Kijana mmoja wa kwaya alikuwa ameleta meza ndogo aliyoitengeneza kwa mbao za mapaleti, kusudi iwekwe mbele, pahali pa sadaka. Mzee mmoja aliitazama, akasema: «Kwa Mungu hatuleti masanduku.» Mama mmoja akamjibu kwamba Mungu haangalii mbao, anaangalia moyo. Wakaanza kubishana. Ndipo papa mwingine, mtu wa maneno machache, akauliza neno moja tu: «Mbao hizi zimetoka wapi?»

Kijana alisema amezinunua kwa mwenye depo moja, akatoa katika mfuko karatasi ya malipo. Maneno yakaisha, mvua ikapita, kila mtu akaenda kwake.

Lakini swali la papa yule lilimpita kijana, likatufikia sisi. Kwa maana kuna meza moja ambayo jamaa yetu ilikula juu yake miaka miwili bila sisi kuuliza swali hilo. Kwa hiyo, wakati ndugu wa gazeti letu walipotuomba kuandika juu ya vitu vya zamani vinavyotengenezwa kuwa vyombo vya nyumba, tuliona haya kukubali, na tuliona haya zaidi kukataa. Tunaandika basi kama mtu aliyejikwaa, anayewaonyesha wengine jiwe liko wapi.

1. Kitu cha zamani si aibu

Tuanze na neno jema, kwa sababu lipo.

Mji wetu ulikua pamoja na reli. Gari la moshi lilifika hapa mwaka 1910, na tangu siku hizo mashine, vioo na dawa vilifika vimefungwa katika masanduku ya mbao. Sanduku likifunguliwa, mbao zinabaki. Baba yetu alikuwa fundi wa karakana, na kitanda tulicholalia watoto watatu kilitoka katika masanduku ya namna hiyo. Alimwomba mkubwa wake wa kazi, akapewa, akazibeba mbao juu ya kinga yake, safari mbili. Ubavuni mwa kitanda zilibaki herufi nyeusi za kizungu, nasi tulijifunza kuzisoma herufi hizo mbele ya kuingia masomo. Hatukujua kwamba ni kitanda cha maskini. Tulijua ni kitanda ambacho Papa alikitengeneza.

Wanaojua kazi ya useremala hawadharau mbao ya zamani. Mbao mbichi ya mkaratusi unaipiga randa leo, na kiisha mwezi mmoja mlango wa kabati haufungi tena. Lakini mbao ya mulombwa iliyokaa miaka 40 chini ya manjanja ya nyumba imekwisha kujipinda kila namna ilivyotaka kujipinda. Ukiiondoa misumari na kuipiga randa, rangi yake inarudi, na harufu yake pia. Mtu akiona ginsi inavyorudi, anamshukuru Mungu aliyeumba mti, na yule fundi wa kwanza ambaye jina lake hatulijui.

Tena tuangalie msitu wetu. Wazee wanakumbuka miti ilipokuwa karibu na mji. Leo makala ya mbabula zetu inatoka mbali, kwa kinga na kwa malori. Katika miaka ya 2010 mti mwekundu, mukula, ulikatwa kwa wingi katika Katanga ukapelekwa ng'ambo, zaidi katika China. Yule anayetengeneza kiti kwa mbao iliyokwisha kukatwa hakuongeza shoka jingine katika msitu ule. Ni neno dogo, lakini mambo mengi makubwa yamefanyika kwa maneno madogo yaliyorudiwa na watu wengi.

Na Maandiko yanatufundisha vilevile. Wakati Nehemia alipojenga tena ukuta wa Yerusalema, adui zake walicheka kwa sababu wajenzi walikuwa wanatoa mawe katika malundo ya mavumbi, mawe yaliyokwisha kuungua. Waliocheka walirudi na haya: ukuta ule ulimalizika katika siku 52. Mungu hakuwaambia watu wake wangoje mawe mapya.

Kwa hiyo yule mzee aliyesema hatuleti masanduku kwa Mungu, tunamheshimu, lakini hapo hatumfuati. Tumemwona ndugu mmoja aliyekopa dola ili anunue viti vya ngozi vya ng'ambo siku wakwe walipokuja kutazama nyumba yake. Ngozi ile ilipasuka mbele ya deni kulipwa. Wakwe walikaa saa mbili. Deni lilikaa miaka miwili. Ni afadhali kiti cha paleti kilicho chako kuliko kiti cha mfalme kilicho cha mkopeshaji.

Lakini hapo ndipo neno lenyewe linaanza: kilicho chako. Mbao ya zamani, inakuwa yako kwa njia gani?

2. Meza yetu

Mwaka 2019 kijana mmoja wa jirani alifika katika lupango letu akisukuma pusupusu yenye mbao kumi nzito. Zilikuwa mbao za mulombwa, pana, zilizolainishwa na mikono ya watu wengi. Bei aliyoitaka haikufika nusu ya bei ya mbao mbichi sokoni. Tulimwuliza bei ya mwisho. Tulimwuliza kama kuna nyingine. Hatukumwuliza zimetoka wapi.

Tulifanya kazi jioni nyingi, na watoto walishika taa. Katika mbao tano kulikuwa na tundu la duara, kila moja pana kama mfuniko wa chupa kubwa. Tulikata vipande vya duara, tukavipaka kola, tukavigonga katika matundu, tukapiga randa, na upande wa juu tukapaka verni nyeusi. Meza ilikuwa nzuri sana. Watu wanane walikaa bila kugusana viwiko. Wageni waliisifu. Mchungaji alikula juu yake. Sisi wenyewe, shemasi, tuliweka mikono juu ya meza ile kila siku tukimshukuru Mungu kwa chakula.

Mwaka 2021 mtoto wetu wa nne, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa anacheza chini ya meza. Akatoka, akauliza: «Papa, chini ya meza kuna duara tano. Na kuna mtu ameandika jina lake. Ni nani?»

Tuliinama na taa. Duara tulizijua, maana ni sisi tuliozigonga. Lakini jina hatukuwa tumeliona. Mtu alikuwa amelichonga kwa ncha ya kisu, herufi za mtoto, na nyuma yake namba ya darasa: 5 B.

Zilikuwa mbao za mapupitri, yale ya zamani yenye meza na kiti pamoja, na matundu yale yalikuwa ya kuweka chupa za wino. Sisi pia tulikaa juu ya mapupitri ya namna hiyo tulipokuwa wadogo. Mikono yetu ilikuwa imeyatambua matundu yale tangu jioni ya kwanza. Ndiyo sababu tuliyaziba vizuri hivyo.

Siku ile tulimjibu mtoto: «Ni maandiko ya zamani, kijana wangu.» Neno hilo lilikuwa kweli, nalo lilikuwa uongo.

3. «Kitu cha Leta hakina mwenyewe»

Usiku tulimweleza mama wa watoto. Yeye aliipenda meza ile kuliko sisi. Alinyamaza kidogo, kiisha akasema maneno ambayo tunayaandika yote, kwa sababu wengi wenu mngeyasema, na si maneno ya mjinga.

Alisema: «Papa, masomo yale ninayajua. Ninapita pale nikienda sokoni. Mapupitri yaliyovunjika yalilala nje, nyuma ya darasa, masika mawili. Mchwa walikuwa wamekwisha kuanza. Hakuna direkta, hakuna mzazi, hakuna mtu wa Leta aliyeyaokota. Kama wewe hukuzinunua, zingekuwa makala leo. Mbao zilikuwa zinakufa, wewe umezipa uzima. Hiyo ni dhambi gani?»

Ndugu wasomaji, hatukuwa na jibu usiku ule. Tulilala bila jibu. Lakini tangu siku ile tumelitafuta, na tunawapa tulilolipata.

Kuna kitu kilichotupwa, na kuna kitu kilichokosa mlinzi. Kwa macho vinafanana: vyote viko nje, vyote vinalowa, vyote vinaliwa na mchwa. Tofauti yao haiko katika mbao, iko katika kinywa cha mwenyewe. Kilichotupwa, ukimwuliza mwenyewe, atasema: chukua, tena asante. Kilichokosa mlinzi, ukimwuliza, atashtuka. Kwa hiyo njia ya kujua ni moja, na si ngumu: kwenda kuuliza. Masomo yale si mbali na nyumba yetu. Kuuliza kungetugharimu nusu saa ya miguu. Mbona hatukuenda? Tuseme kweli: hatukuuliza kwa sababu tulijua jibu.

Bei ile ndogo nayo ilikuwa inasema. Kitu kizuri kikija kwa bei ya bure, usiku, juu ya pusupusu, bei yenyewe ni shahidi. Na sheria ya nchi haimwadhibu mwizi peke yake. Inamwadhibu pia anayepokea kitu cha wizi akijua. Lakini hatutaki kuwaongoza kwa woga wa polisi. Tunataka kuonyesha mzizi.

Mzizi ni lile neno ambalo wote tulilinyonya pamoja na maziwa: kitu cha Leta hakina mwenyewe. Neno hilo lina historia yake. Wakati wa wakoloni, Leta ilikuwa ya mwingine. Leta ilikuwa kodi, fimbo na kazi ya nguvu. Kuchukua kitu chake hakukuhesabiwa kuwa wizi. Watu wengine walikuhesabu kuwa akili. Mwaka 1960 uhuru ukafika, na Leta ikawa yetu. Jina lilibadilika, lakini neno lile lilibaki katika vinywa vyetu, na mikono yetu ikalifuata.

Wenye umri wetu wanakumbuka mwezi wa kumi wa mwaka 1991, uporaji ulipofika Lubumbashi, kiisha ule wa Kinshasa wa mwezi wa kenda. Tulikuwa watoto. Tuliona watu wazima, watu wa sala, wakibeba milango, madirisha, viti vya biro na hata mabati ya choo. Miaka mingi kiisha siku hizo uliweza kuingia katika nyumba ya mtu na kukuta meza ambayo ni mlango wa biro, namba yake bado iko. Jirani mmoja alimletea baba yetu kiti, kizuri, chenye magurudumu. Baba alikataa. Alisema: «Kiti hiki kitatufundisha kukaa vibaya.» Tulikasirika sana, maana tulitaka kukisukuma. Leo tunaelewa, na tunaona haya mara mbili, kwa kuwa mtoto wa mtu yule ndiye aliyeziba matundu ya wino.

Basi kitu cha Leta kina mwenyewe? Katika kitabu cha Wafalme tunasoma habari ya wana wa manabii waliokwenda kukata miti karibu na Yordani ili wajenge nyumba. Chuma cha shoka la mmoja wao kikaanguka ndani ya maji, na yule mtu akamlilia nabii Elisha. Hakulia kwa ajili ya ukubwa wa hasara. Alilia kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima; lilikuwa na mwenyewe ambaye hakuwa pale. Nabii hakumwambia kwamba chuma kilicho ndani ya mto si cha mtu tena. Alikielesha kile chuma, kikarudi. Nabii wa Mungu alifanya ajabu kwa ajili ya kitu kimoja cha kuazima! Kitu ambacho kimeanguka pahali pabaya hakijapoteza mwenyewe.

Na vitu vya masomo, vya lazareti, vya barabara, vyote ni vya kuazima. Sisi wakubwa tunavishika kwa wakati kidogo. Mwenyewe ni yule mtoto atakayekuja kesho na hatakuta pahali pa kukaa.

4. Masomo yale

Kiisha juma mbili tulikwenda kumwona direkta. Tulikuwa tumetayarisha maneno mengi, tulisema machache. Hakukasirika. Alisimama, akasema: «Papa shemasi, njoo uone.»

Mnakumbuka kwamba ule mwaka 2019 ndio mwaka ambao Leta ilianza masomo ya msingi bila malipo katika nchi yote. Lilikuwa jambo jema, na watoto waliingia kwa wingi. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa wingi ule, wala mapupitri. Direkta alitufungulia mlango wa darasa la pili. Watoto wa mbele walikaa wanne wanne juu ya pupitri la watu wawili. Wa nyuma walikaa chini, wengine juu ya bidoni, wengine juu ya jiwe walilolileta kutoka nyumbani, na daftari juu ya magoti. Wote wakasimama, wakatusalimu kwa sauti moja: «Bonjour, Papa.»

Direkta alisema: «Yale yaliyovunjika tulikuwa tunayangojea. Wazazi walikuwa wanachanga feza kidogo kidogo kwa misumari na fundi. Siku fundi alipokuja, hatukuyakuta.»

Wapendwa, hilo ndilo jibu kwa mama wa watoto, na alilipokea tulipolileta nyumbani. Mbao zile hazikuwa zinakufa. Zilikuwa zinangojea misumari. Sisi tulizipa uzima, ndiyo, lakini uzima ule tuliutoa kwa wengine.

Tulimwambia direkta kwamba tutarudisha meza. Alisema: «Meza tutaifanya nini? Ninahitaji pahali pa watoto kukaa.» Basi tuliivunja. Ni vigumu kuvunja kazi ya mikono yako mwenyewe. Tulikuwa tumetumia misumari mingi na kola nzuri, na mbao mbili zilipasuka tulipozitenganisha. Tuliongeza mbao za mapaleti tulizozinunua, na siku ya posho, kwa salongo ya vijana wa parokia, tulitengeneza mapupitri sita, moja zaidi ya yale matano tuliyoyahesabu kwa matundu.

Yule kijana wa pusupusu tulimtafuta. Alilia. Kumbe naye alizinunua kwa sentineli wa masomo, mtu aliyekuwa hajalipwa miezi mingi. Kila mtu katika njia ile alikuwa na njaa yake na sababu yake, na kila mmoja alikuwa na jirani wa kumsukumia neno: mimi nilinunua tu. Sisi tulikuwa wa mwisho katika njia, na tulikuwa tumeshiba kuliko wote. Kwa hiyo hatukumshitaki mtu. Tulimwita kijana aje kupiga randa pamoja nasi, na alikuja. Leo ana karakana yake ndogo, na anatengeneza viti vya mapaleti.

Nyumba yetu ilikula juu ya mkeka miezi mitatu. Wageni waliuliza meza imekwenda wapi, na watoto wakawajibu bila haya: «Imerudi masomo.»

5. Mashauri kwa wanaotengeneza na wanaonunua

Hatutaki mtu asome habari hii, kiisha aogope kila mbao ya zamani. Kazi hiyo ni nzuri, tena inalisha vijana wetu. Tunataka ifanywe katika mwanga. Tunatoa mashauri matano.

La kwanza: ulizeni. Paleti iliyo nyuma ya depo, mlango ulio katika nyumba iliyobomolewa, manjanja yaliyoshushwa, vyote vina mtu. Mwulize. Akikupa bure, omba karatasi ndogo yenye jina lake na tarehe. Akiuza, omba karatasi ya malipo. Karatasi hiyo inamlinda fundi, inamlinda mnunuzi, na inamlinda yule mwenye mali. Kijana wa kwaya alikuwa na karatasi yake, na swali la papa halikumtisha.

La pili: semeni kweli kwa mnunuzi. Mbao ya zamani ikipakwa verni haipaswi kuuzwa kama mpya. Onyesha tundu la msumari. Mwambie: mbao hii ilikuwa boriti ya nyumba, nimeitengeneza hivi. Mnunuzi mwema atakulipa kwa ajili ya kazi yako, na atakuja tena.

La tatu: angalieni sumu. Malori yanayopita Kasumbalesa kutoka Zambia yanaleta mapaleti mengi, na si yote yanafaa nyumba. Tangu sheria za mataifa za mwaka 2002, mapaleti yanayovuka mipaka yanapaswa kupigwa chapa yenye suke la ngano na herufi IPPC. Kando yake tafuteni herufi mbili. HT maana yake mbao ilitiwa joto, nyuzi 56 kwa dakika 30, ili wadudu wafe, hiyo inafaa. MB maana yake ilitiwa gesi ya sumu. Hiyo msiilete katika nyumba, wala msiitie katika mbabula. Na hata yenye HT, kama ina madoa au harufu ya dawa iliyomwagika, iacheni. Mbao za reli za zamani zilizolowekwa katika kreozoti, ile dawa nyeusi yenye harufu kali, hazifai kitanda wala meza ya chakula. Pipa lililobeba dawa za migodi lisiwe kiti cha mtoto wala chombo cha maji. Na rangi ya zamani inayobanduka inaweza kuwa na risasi ndani yake. Vumbi lake linaharibu akili za watoto. Msiisugue kavu katika chumba. Kumpa mtoto kitanda kinachomdhuru ni wizi mwingine.

La ine: fanyeni kazi kwa uvumilivu. Ondoeni kila msumari mbele ya kupiga randa. Msumari mmoja uliofichwa unavunja meno ya randa, au jicho la mtu. Angalieni matundu madogo ya wadudu: kama unga mpya unatoka, mdudu yu hai, na atahamia katika mbao nyingine za nyumba. Anikeni mbao penye jua siku nyingi.

La tano: mlipeni fundi. Wengine wanasema: mbao ulipewa bure, mbona unataka feza nyingi? Siku ya kungoa misumari ni siku ya kazi. Anayemnyima fundi haki yake naye amechukua kitu chenye mwenyewe, kwa maana jasho lina mwenyewe kuliko mbao.

Mwisho

Wapendwa, mawe ya Nehemia yalikuwa ya zamani, yameungua, na Mungu aliyapokea. Lakini tukumbuke kwamba yalikuwa mawe ya ukuta wao wenyewe. Hawakubomoa nyumba ya jirani ili Yerusalema isimame. Randa inaweza kutoa uchafu wote wa mbao, lakini haiwezi kutoa njia ambamo mbao ilipitia. Njia ile inabaki chini ya meza, kama jina la mtoto wa 5 B, hata siku mtoto wako mwenyewe atakapoinama na kuisoma.

Tunawaomba jambo moja. Juma hili, mkiwa nyumbani, tazameni viti vyenu, meza, milango na mabati. Si kwa kumhukumu mume, wala mke, wala baba aliyekufa. Ulizeni tu: kitu hiki kilipita wapi hata kikafika kwetu? Kama njia yake ni safi, mshukuruni Mungu na mkae juu yake kwa furaha, hata kama kimetoka katika sanduku. Kama njia yake si safi, njia ya kurudi ipo. Sisi tumeipita. Mwanzo wake ni wa haya, lakini mtu anafika.

Ile meza ndogo ya kijana wa kwaya iko mbele ya kanisa leo, na yule mzee mwenyewe anaweka sadaka yake juu yake. Nyumbani tunakula juu ya meza nyingine, ya mapaleti, si nzuri kama ile ya kwanza. Mguu mmoja ni mfupi kidogo. Chini yake kuna herufi HT, na watoto wanajua maana yake.

Na katika masomo yale, juma lililopita, tulipita tukitazama dirishani. Pupitri lenye jina liko katika mstari wa mbele. Tundu la wino tuliliacha wazi safari hii. Mtoto mmoja alikuwa amesimamisha biki yake ndani yake.

Bwana awabariki, azibariki kazi za mikono yenu. Amina.

Shemasi wenu